Hesabu Kabla ya Safari: Maji, Mafuta na Dira katika Safari za Magari kwenye Jangwa la Libya, 1916–1942

Utangulizi

Katika mazungumzo ya siku hizi kuhusu safari za jangwani, jambo la kwanza kutajwa huwa ni gari. Huulizwa ni la aina gani, injini yake ina nguvu kiasi gani, na kama magurudumu yake yote manne huvuta. Maswali hayo yana msingi. Hata hivyo, historia ya Jangwa la Libya inaonesha kuwa si hayo yaliyoamua nani angerudi na nani angebaki mchangani. Sehemu kubwa ya safari za magari zilizofungua njia katika jangwa hilo kati ya mwaka 1916 na 1942 zilifanywa kwa magari ya kawaida, ambayo magurudumu mawili ya nyuma tu ndiyo yaliyovuta. Kilichotenganisha safari iliyofaulu na ile iliyogeuka kuwa msiba ni hesabu: maji kiasi gani kwa kila mtu kwa siku, petroli kiasi gani kwa kila kilomita, akiba iwekwe wapi, na msafiri atajuaje mahali alipo pindi alama zote za ardhini zinapotoweka.

Insha hii inaichukulia hesabu hiyo kuwa jambo la kihistoria lenye asili, warithi na gharama zake. Hoja inayojengwa ni kwamba gari halikuifuta hesabu ya zamani ya misafara ya ngamia na punda, bali liliirithi na kubadili vipimo vyake tu. Aidha, inahojiwa kuwa urithi huo umefichwa na vitabu vya wasafiri wenyewe, ambavyo huyasimulia mambo kana kwamba yalianzia kwao.

Jangwa la Libya ni ile sehemu ya mashariki ya Sahara inayoenea magharibi mwa Misri, mashariki mwa Libya na kaskazini-magharibi mwa Sudani. Eneo lake linazidi kilomita za mraba milioni moja. Upande wa kaskazini limetandwa na Bahari Kuu ya Mchanga, yaani safu za matuta zinazokwenda takribani kutoka kaskazini hadi kusini, baadhi zikifikia urefu wa mita 100 na zaidi. Kusini zaidi kuna uwanda wa juu wa Gilf Kebir na mlima Uweinat, unaosimama pale mipaka ya nchi hizo tatu inapokutana. Visima ni vichache mno, na kati ya kisima na kisima msafiri huweza kwenda mamia ya kilomita bila kuona hata kichaka.

Akiba ya njiani kabla ya gari

Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, mpimaji ardhi John Ball alifika kwenye kilima kidogo kilichoko takribani kilomita 200 kusini-magharibi mwa oasisi ya Dakhla. Chini yake palikuwa na mamia ya mitungi ya udongo, mingine mizima na mingine vipande. Kilima hicho kikaitwa Abu Ballas, jina la Kiarabu linalohusu mitungi hiyo. Masimulizi ya wenyeji wa Dakhla yalieleza kuwa wavamizi kutoka magharibi waliitumia mitungi hiyo kuweka maji ya njiani, na kwamba watu wa oasisi waliwafuatia na kuivunja ili wasirudi tena. Utafiti wa kiakiolojia wa miongo ya karibuni umeonesha kuwa kilima hicho ni kituo kimoja tu katika mlolongo wa vituo vingi unaotoka Dakhla kuelekea Gilf Kebir, na kwamba sehemu kubwa ya mitungi hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 4,000. Wakati huo ngamia hakuwa akitumika huko. Walioipita njia hiyo walisafiri kwa punda, mnyama asiyeweza kukaa muda mrefu bila maji, na kwa hiyo maji yalilazimika kutangulia kupelekwa njiani kabla ya msafara wenyewe.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Mpango wa kuweka akiba hatua kwa hatua, ambao wanahistoria wa magari huuhesabu miongoni mwa uvumbuzi wa karne ya 20, ulikuwa umefanywa katika jangwa lilelile kwa mitungi na punda, na watu ambao majina yao hayakuhifadhiwa.

Ngamia alipoingia alirahisisha hesabu lakini hakuiondoa. Mwaka 1874 Mjerumani Gerhard Rohlfs aliondoka Dakhla akikusudia kufika Kufra upande wa magharibi, akiwa amebeba maji katika masanduku ya chuma. Matuta yalimzuia, kwa kuwa yalikatiza njia yake badala ya kwenda sambamba nayo. Akiwa amekwama huko mvua ilinyesha, jambo la nadra mno, naye akapaita mahali hapo Regenfeld, yaani uwanja wa mvua. Kisha akageuka kaskazini, akayafuata mabonde yaliyo kati ya matuta mpaka Siwa. Uamuzi huo haukuwa wa woga. Rohlfs alijua maji yake yangetosha siku ngapi, na alijua kuwa kila tuta lililovukwa liliwapunguzia ngamia nguvu bila kupunguza umbali uliobaki kwa kiasi cha maana.

Mwaka 1923 Mmisri Ahmed Hassanein alifanya jambo ambalo Rohlfs hakuliweza. Alisafiri kwa ngamia kutoka pwani ya Mediterania kupitia Jalo na Kufra, akafika Arkenu na Uweinat, kisha akashuka hadi Sudani. Safari hiyo ya takribani kilomita 3,500 ndiyo iliyoiweka milima ya Arkenu na Uweinat katika ramani za kisayansi. Lakini Uweinat ilikuwa na watu. Hassanein mwenyewe aliwakuta Wagorani wakiishi huko pamoja na kiongozi wao, na asingefika bila viongozi wa njia waliokuwa wakiijua tangu utotoni. Kitabu cha Ralph Bagnold kilichochapishwa mwaka 1935, ambacho ndicho chanzo mashuhuri zaidi cha safari za magari katika jangwa hili, kinatangaza katika jina lake kuwa kinahusu safari katika dunia iliyokufa. Ni kitabu chenye maarifa mengi na uaminifu mkubwa kuhusu matatizo ya safari, lakini jina hilo lastahili kusomwa kwa tahadhari. Msomaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake ina neno kirongozi kwa mtu aliyetangulia mbele ya msafara kuonesha njia na neno posho kwa chakula cha kila siku cha wapagazi, hatashangaa kuona kuwa mtu huyo na chakula hicho ndivyo vinavyosahaulika kwanza pindi safari inapoandikwa.

Ford na maarifa yaliyosahauliwa

Gari liliingia katika jangwa hili kwa sababu ya vita. Kuanzia mwaka 1916 jeshi la Uingereza nchini Misri lilitumia vikosi vya magari mepesi aina ya Ford Model T kulinda mpaka wa magharibi dhidi ya Wasanusi. Gari hilo lilikuwa jepesi, chasisi yake ilikuwa juu ya ardhi, na fundi wa kawaida aliweza kulitengeneza akiwa na vifaa vichache. Maafisa wa vikosi hivyo, akiwamo Claud Williams kutoka New Zealand, walijifunza kwa kukosea na kurudia. Waligundua kuwa dira ya sumaku haiaminiki ndani ya gari la chuma. Waligundua pia kuwa rejeta inayochemka humeza maji ambayo watu wangeyanywa. Dira ya jua na chombo cha kurudisha mvuke wa rejeta vilitumika tayari katika vikosi hivyo.

Vita ilipokwisha, vikosi vilivunjwa na maarifa hayo yakatawanyika. Bagnold, afisa wa mawasiliano aliyehamishiwa Misri mwaka 1926, alilazimika kuyajenga upya pamoja na wenzake kwa fedha zao wenyewe na wakati wa likizo zao. Ukweli huo una maana kubwa kwa historia ya mipango ya safari. Maarifa ya namna hii hayakai katika sheria wala katika ramani. Hukaa katika mikono ya watu waliofanya kazi pamoja, na huondoka nao.

Kati ya mwaka 1927 na 1932 kundi hilo lilifanya safari kadhaa, kwanza kwa Ford Model T na baadaye kwa Model A. Lengo lililotajwa wakati mwingine lilikuwa kuitafuta Zerzura, oasisi ya hadithi iliyotajwa katika maandishi ya Kiarabu ya karne nyingi zilizopita, na mwaka 1930 baadhi yao waliunda klabu ya mzaha na ukweli yenye jina hilo huko Wadi Halfa. Zerzura haikupatikana. Kilichopatikana ni utaratibu.

Utaratibu huo ulianza na maji. Rejeta ya gari la wakati ule ilichemka haraka pindi gari lilipopanda mchanga kwa gia ndogo huku upepo ukivuma kutoka nyuma. Mrija wa kumwagia mvuke ulizibwa, na badala yake bomba likaunganishwa na kopo lililofungwa pembeni mwa gari, lenye maji kidogo ya baridi ndani yake. Mvuke ulipofika humo uligeuka tena kuwa maji. Injini ilipopoa, nafasi iliyobaki ndani ya rejeta iliyavuta maji hayo kurudi yalikotoka. Dereva alihitaji tu kusimama na kuligeuza gari lielekee upepo kwa dakika chache. Kwa njia hiyo gari liliweza kwenda siku nyingi bila kuongezewa maji, na maji yote yaliyopakiwa yakawa ya watu.

Maji ya watu nayo yalipimwa. Katika kikosi ambacho Bagnold alikuja kukiunda baadaye, kipimo cha kawaida kilikuwa painti 6, yaani takribani lita 3.4 kwa mtu kwa siku, kikijumuisha chai na mapishi. Kipimo hicho kinaonekana kidogo, lakini tazama kinavyojilimbikiza. Watu 8 kwa siku 20 huhitaji takribani lita 544. Hayo ni madebe 30 ya lita 18, uzito unaozidi nusu tani, kabla hata ya kupakia chombo cha kwanza cha petroli. Kuongeza siku tano za tahadhari ni kuongeza lita 136 nyingine, na kila lita inayopakiwa huongeza petroli inayohitajika kuisafirisha. Ndiyo maana Bagnold na wenzake waliweka mbele suala la uzito kuliko starehe yoyote. Kitu ambacho hakikuwa na kazi zaidi ya moja kilitiliwa shaka.

Suala la mwelekeo lilitatuliwa kwa dira ya jua. Kimsingi ni kisahani kilicholazwa sawa mbele ya dereva, kikiwa kimegawanywa kwa nyuzi 360, na katikati yake imesimama sindano nyembamba. Kivuli cha sindano huangukia kwenye nyuzi zilizopangwa. Dereva hulishika gari katika mwelekeo unaokifanya kivuli kisihame, na kisahani huzungushwa kila baada ya muda kwa kufuata jedwali la mwendo wa jua. Faida yake kuu ni kwamba gari halihitaji kusimama. Mwendo ulisomwa kwenye mita ya kilomita na kuandikwa kila mwelekeo ulipobadilika. Usiku ulipoingia, nyota zilipimwa kwa chombo cha mpimaji ardhi na saa ikasahihishwa kwa ishara za redio, ili makosa ya mchana yasirundikane. Adhuhuri ya kiangazi, jua likiwa karibu na utosi, kivuli hufupika mno hadi chombo kikose manufaa. Wasafiri walipumzika wakati huo, jambo ambalo joto lenyewe lilikuwa limeshaliamua.

Kwa upande wa mchanga, ufumbuzi ulitoka dukani kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu mjini Cairo. Huko palipatikana vipande virefu vya chuma vyenye umbo la mfereji, vilivyotengenezwa wakati wa vita kwa ajili ya kuezekea mahandaki. Gari lilipozama, mchanga ulifukuliwa mbele ya magurudumu ya nyuma, vipande hivyo vikasukumwa chini yake, na gari likapata sehemu ngumu ya kuanzia mwendo. Upepo wa matairi ulipunguzwa ili yatanuke. Na katika Bahari Kuu ya Mchanga Bagnold aligundua jambo lililokwenda kinyume na busara ya kila dereva: tuta kubwa halipandwi polepole. Gari lililoelekezwa moja kwa moja kwa kasi lilipanda juu ya uso wa mchanga uliobanwa vizuri na upepo, ilhali lile lililosita lilizama mpaka ekseli. Ujasiri huo ulitokana na uchunguzi. Mtu huyohuyo alirudi Uingereza akajenga handaki la upepo ili kuchunguza jinsi chembe za mchanga zinavyosafiri, na kitabu chake cha mwaka 1941 kuhusu fizikia ya mchanga unaopeperushwa bado hurejelewa na wanasayansi.

Hesabu ya mafuta

Petroli ya wakati ule ilisafirishwa katika madebe ya bati ya galoni 4, mawili katika kila sanduku la mbao. Ni debe lilelile ambalo Afrika Mashariki imeligeuza kuwa kipimo cha mahindi na maji. Bati lake lilikuwa jembamba, na mtikisiko wa mawe ulitosha kulitoboa. Mpangaji makini kwa hiyo hakuhesabu petroli aliyonunua, bali petroli ambayo ingekuwa bado imo ndani ya madebe baada ya wiki mbili za kutikiswa.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa la kimantiki. Chukua mfano wa gari linaloweza kubeba mafuta ya kilomita 600. Likienda na kurudi kwa mafuta yake lenyewe, haliwezi kuvuka kilomita 300 kutoka kambini. Tuseme msafiri anataka kufika kilomita 400. Kwanza huenda kilomita 100, huacha hapo mafuta yaliyobaki isipokuwa yale ya kurudia, kisha hurudi. Safari ya pili akifika kwenye akiba hujaza tena, huenda hadi kilomita 400, hurudi kwenye akiba tangi likiwa tupu, huchukua mafuta ya kilomita 100 na kufika nyumbani. Ili kuongeza kilomita 100 za ufikio, gari limetembea kilomita 1,000 badala ya 600. Kadiri lengo linavyozidi kuwa mbali, gharama hupanda kwa kasi zaidi kuliko umbali.

Wanahisabati waliligeuza jambo hili kuwa fumbo rasmi: mwaka 1947 N. J. Fine alichapisha makala kulihusu katika jarida la hisabati la Marekani, akitumia mfano wa gari la jipu. Lakini fumbo lenye sura hiyohiyo limo katika mkusanyo wa maswali ya hesabu unaohusishwa na mwanazuoni Alcuin wa karne ya 8. Humo mna ngamia, vipimo 90 vya nafaka na safari ya masafa 30, naye ngamia hula kipimo kimoja kwa kila safa. Jipu limechukua nafasi ya ngamia na petroli imechukua nafasi ya nafaka. Wale wa Abu Ballas walikuwa wamelitatua kwa vitendo kabla ya wote wawili.

Suala la magurudumu manne

Bagnold alistaafu jeshi mwaka 1935, akaitwa tena vita ilipoanza mwaka 1939. Hakutumwa Misri. Alipangiwa kwenda Kenya, lakini meli iliyomchukua iligongana na nyingine katika Bahari ya Mediterania na kulazimika kuingia Port Said kwa matengenezo. Alikwenda Cairo kuwasalimu marafiki, na Jenerali Wavell aliposikia kuwa yupo akamzuia abaki. Italia ilipoingia vitani mwezi Juni 1940, Bagnold alipendekeza kikosi kidogo cha magari kitakachopita jangwani nyuma ya mistari ya adui. Alikubaliwa, akapewa wiki sita za maandalizi. Muda huo ulitosha kwa sababu moja tu: hesabu zilikuwa zimeshafanywa miaka kumi iliyotangulia, na marafiki wa safari za likizo, akiwamo mwanaakiolojia Bill Kennedy Shaw na mpimaji Pat Clayton, waliitwa kutoka walikokuwa.

Kikosi hicho, Long Range Desert Group, kilichagua malori ya Chevrolet ya tani moja na nusu yenye kuvuta kwa magurudumu mawili. Milango na paa viling'olewa, springi zikaimarishwa, dira za jua na makopo ya mvuke yakafungwa. Mwaka 1941 kikosi kilipewa malori ya Ford F30, ambayo magurudumu yake yote manne yalivuta. Kwa mtazamo wa leo hayo yangekuwa maendeleo yasiyohojiwa. Lakini malori hayo yalikuwa mazito na yalikunywa petroli kwa wingi, na katika safari za masafa marefu kila lita iliyotumika kuvutia magurudumu ya mbele ilitolewa katika ufikio wa kikosi kizima. Mwaka 1942 yaliachwa, na kikosi kikarudi kwenye Chevrolet za magurudumu mawili. Tukio hilo halithibitishi kuwa gari la magurudumu manne halina faida. Mahali pa mawe na mchanga laini huokoa saa nyingi za kufukua. Linaonesha tu kuwa kwa watu waliolijua jangwa hilo kuliko wengine wote wenye magari, uwezo wa kutokwama ulikuwa na bei, na walipoiweka bei hiyo kwenye mizani waliona ni kubwa mno. Vipande vya chuma na koleo havikunywa petroli.

Hesabu inapokatizwa

Ushahidi mzito zaidi kuhusu thamani ya maandalizi hutoka kwa wale walionyimwa nafasi ya kujiandaa. Mwezi Januari 1931 majeshi ya Italia yaliiteka Kufra. Mamia ya wakazi walikimbilia jangwani pamoja na watoto na wanyama wao, wakielekea Uweinat, Misri na Sudani. Hao hawakuwa wageni wa jangwa. Walijua visima na njia. Walichokosa ni muda wa kupanga idadi ya watu kulingana na maji. Wengi walikufa. Baadhi walifika Dakhla kwa miguu, na Clayton, aliyekuwa akipima ardhi eneo hilo kwa magari, aliacha kazi yake akawa anawatafuta na kuwasafirisha manusura. Tukio hili hutajwa kwa aya moja au mbili katika vitabu vya safari, katikati ya masimulizi ya matairi na springi. Uwiano huo wa kurasa hauwezi kutetewa.

Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Januari 1941, Clayton mwenyewe alishambuliwa na magari na ndege za Waitaliano huko Jebel Sherif, kusini mwa Kufra, akatekwa. Askari wanne waliobaki bila gari, wakiongozwa na Ronald Moore, walikuwa na debe moja lililotobolewa, lenye maji yasiyofika galoni mbili. Badala ya kwenda Kufra kujisalimisha waliamua kufuata nyayo za malori ya wenzao kuelekea kusini. Kisima cha Sarra kilichokuwa njiani kilikuwa kimefukiwa na Waitaliano. Moore alitembea takribani kilomita 340 kwa siku 10 kabla ya kuokolewa, na mmoja wa wanne hao, Easton, alifariki baada ya kupatikana. Kipimo cha lita 3.4 kwa siku kinapata maana yake kamili kikiwekwa kando ya debe hilo.

Mwezi Mei 1942 ndege tatu za kikosi cha anga cha Afrika Kusini ziliruka kutoka Kufra zikiwa na watu 12, zikapotea na kutua jangwani. Maji yaliyokuwamo yaliisha kabla ya waokoaji kufika. Watu 11 walikufa.

Mwezi huohuo, jangwa hilohilo lilivukwa na adui zao kwa magari machache. Mhungaria László Almásy, ambaye katika miaka ya 1930 alikuwa ameitafuta Zerzura kama Waingereza walivyoitafuta na sasa alilitumikia jeshi la Ujerumani, aliondoka Jalo kuwapeleka majasusi wawili hadi karibu na Assiut kwenye Mto Naili. Alitumia magari yaliyotekwa kutoka kwa Waingereza, na aliacha akiba za maji na petroli njiani kwa ajili ya kurudi. Huko Gilf Kebir aliyakuta malori ya Waingereza yaliyoachwa bila walinzi, akayanyonya petroli. Karibu na hapo alifukua pia maji ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyaficha miaka ya mwanzo ya 1930, katika madebe yaliyozibwa kwa risasi. Baadhi yalikuwa yamevuja. Mengine yalikuwa bado yamejaa, na maji yake yalinyweka. Aliwateremsha abiria wake, akageuza magari, akarudi Jalo kwa njia ileile, akiokota debe moja baada ya jingine pale alipokuwa ameyaacha.